Ubao wa majina wa klabu ya orientiringi: nani ameiwakilisha nchi, na kwa mlango upi?

Klabu nyingi za orientiringi, mchezo wa kukimbia kwa kufuata ramani na dira, nchini Uingereza zina orodha moja inayotunzwa kama ukoo unavyotunza majina ya wazee wake. Wengine wameichonga kwenye ubao, wengine huigawa kwa karatasi siku ya mkutano mkuu wa mwaka. Juu pameandikwa wawakilishi wa kimataifa. Chini yake majina, miaka na mahali. Klabu yenyewe inaweza kuwa na wanachama 200 tu, wengi wao walimu, wahandisi, wastaafu na watoto wao. Haina uwanja wala ukumbi. Vifaa vyake vyote vinaenea kwenye gari moja la mizigo linalolala nyumbani kwa mwanachama. Lakini majina kwenye ubao ni 30, pengine zaidi.

Mara ya kwanza niliposoma ubao wa namna hiyo nilisimama nikahesabu kwa vidole. Kulikuwa na msichana aliyeandikwa akiwa na miaka 16 na mzee wa miaka 70 na ushei, na kila mmoja amepewa mstari wa urefu uleule. Nikajiuliza: ni timu gani ya taifa hii inayochukua babu na mjukuu? Na kama klabu ndogo hivi imetoa wachezaji 30 wa taifa, basi nchi nzima ina wangapi?

Ubao haukuwa na uongo hata mstari mmoja. Shida ni kwamba "kuiwakilisha nchi" kuna milango mingi, na ubao unamwonyesha mtu akiwa ameshaketi ndani bila kusema aliingilia wapi. Nitaifungua milango hiyo kwa kutumia mfano wa Uingereza, kwa sababu ndiko fundo lilikokazwa zaidi.

Kwanza mchezo wenyewe, kwa asiyewahi kuuona. Mkimbiaji anapewa ramani yenye maelezo mengi kuliko ramani yoyote ya kawaida: kila jabali, kila kishimo, kila kichaka kizito kinachopunguza mwendo. Ramani za msituni huchapwa kwa skeli ya 1:15,000 au 1:10,000, na za mbio fupi za mjini kwa 1:4,000. Juu ya ramani kuna viduara vya zambarau vyenye namba, na kila kiduara ni kituo. Akifika hapo atakuta kibendera cha rangi ya chungwa na nyeupe, upande wake sentimita 30, na kifaa cha elektroniki cha kuthibitisha kwamba kweli amefika. Vituo lazima avipite kwa mfuatano. Njia ya kutoka kimoja hadi kingine achague mwenyewe: akwee kilima, au azunguke kwa njia ya miguu iliyo ndefu lakini ya uhakika? Mwenye mapafu ya farasi asiyejua kusoma mistari ya kontua atashindwa na mama wa miaka 50 anayetembea kwa haraka na hapotei. Kwetu Afrika Mashariki ujuzi huu wa ramani na dira wameuonja zaidi maskauti na askari. Baden-Powell, mwanzilishi wa uskauti, amezikwa Nyeri, na vijana wanaokwenda kulitembelea kaburi lake wengi wamewahi kupimwa kwa dira mkononi.

Jambo la pili la kujua ni kwamba katika mchezo huu klabu ni mama na timu ya taifa ni mtoto aliyezaliwa baadaye sana. Tarehe 31 Oktoba 1897 klabu ya Tjalve iliandaa mashindano ya kwanza ya wazi karibu na Oslo, mji ulioitwa Kristiania wakati huo. Waliokimbia walikuwa wanane. Kabla ya hapo lilikuwa zoezi la maofisa wa jeshi la Sweden, na hata jina la mchezo lilitoka kwao. Mwaka 1919 Ernst Killander akaandaa mashindano makubwa nje kidogo ya Stockholm, na kuanzia hapo mchezo ukashika mizizi katika klabu za vijiji na miji ya Skandinavia. Shirikisho la dunia lilikuja kuundwa mwaka 1961 mjini Copenhagen na nchi 10. Mashindano ya kwanza ya dunia yakafanyika mwaka 1966 huko Fiskars, Finland. Yaani watu walikuwa wamekimbia kwa niaba ya klabu zao karibu miaka 70 kabla mtu yeyote hajaitwa bingwa wa dunia.

Uingereza ilichelewa kuingia. Miongoni mwa waliouleta mchezo huko miaka ya 1960 walikuwa Chris Brasher na John Disley, watu wawili ambao baadaye walianzisha London Marathon mwaka 1981. Brasher ndiye aliyeshinda dhahabu ya Olimpiki ya mita 3,000 kuruka viunzi na maji mwaka 1956, na Disley alipata shaba ya mbio hizohizo mwaka 1952. Msomaji wa Kenya atatambua kwamba hiyo ni enzi ya kabla ya Amos Biwott, kabla mbio hizo hazijageuka mali ya Bonde la Ufa.

Zanzibar na Tanzania, Uskoti na Britania

Mlango wa kwanza ndio unaowachanganya wengi, na Kiswahili chetu kinazidisha mkanganyiko, kwa kuwa neno moja "Uingereza" tunalitumia kwa nchi ya England na pia kwa muungano wote wa England, Uskoti, Wales na Ireland ya Kaskazini. Katika orientiringi vitu hivyo viwili ni jezi mbili tofauti. Hapa nitasema England kwa nchi na Britania kwa timu ya pamoja.

Kwenye mashindano ya dunia hakuna timu ya England, wala ya Uskoti, wala ya Wales. Kuna Britania peke yake. Lakini kila mwaka nchi hizo hukutana zenyewe kwa zenyewe, pamoja na Ireland inayokimbia kama kisiwa kizima, katika mashindano ya nchi jirani: kuna ya watu wazima, kuna ya vijana, na kuna ya wakongwe. Kila nchi huteua timu, huvaa jezi yake, hubeba bendera yake. Anayeteuliwa na Uskoti kwa mashindano hayo ameiwakilisha nchi yake, hakuna wa kumnyang'anya heshima hiyo. Ila huenda hajawahi hata siku moja kuivaa jezi ya Britania.

Kwa msomaji wa Kiswahili hili halihitaji darasa refu. Zanzibar Heroes hushuka uwanjani kwenye Kombe la Chalenji la CECAFA kama timu ya taifa, ilitwaa kombe hilo mwaka 1995, na mwaka 2017 ilifika fainali ikatolewa na Kenya kwa penalti. Lakini FIFA haiitambui kama mwanachama, na uanachama wa CAF ambao Zanzibar iliupata mwezi Machi mwaka huohuo 2017 ulifutwa mwezi Julai. Mchezaji wa Heroes aliyefunga goli kwenye Chalenji na mchezaji wa Taifa Stars aliyeanza mechi ya kufuzu Kombe la Dunia, wote wawili ni wachezaji wa kimataifa. Mzanzibari anajua tofauti bila kuambiwa, na anajua pia kwamba tofauti hiyo haimshushi yule wa kwanza.

Sasa rudi kwenye ubao wa klabu. Majina mengi pale, kwa kawaida nusu au zaidi, ni ya mlango huu. Klabu makini huandika nchi mbele ya kila jina. Klabu isiyo makini huandika tu "kimataifa", na hapo ndipo 30 inapoonekana kama muujiza.

Ireland ina kisa chake. Yenyewe ni mwanachama wa shirikisho la dunia, kwa hiyo Mwairishi huvaa jezi ileile kwa jirani na kwa dunia. Klabu mbili, moja ya Ireland na moja ya Wales, zinaweza kuwa na mbao za majina zinazofanana kabisa kwa urefu huku zikimaanisha mambo tofauti.

Umri, na mlango usio na bawabu

Orientiringi hugawa watu kwa umri kwa namna ambayo michezo michache inaithubutu. Madaraja huanza kwa watoto wa miaka 10 na kushuka chini, yanapanda hadi daraja kuu la miaka 21, kisha kuanzia miaka 35 yanapanda kwa hatua ya miaka mitano mitano hadi 80, 85, hata 90. Mwenye miaka 70 hashindani na kijana. Anashindana na rika lake, kwenye njia fupi zaidi lakini yenye mafumbo ya ramani yaleyale.

Kwa vijana ngazi ziko wazi. Kuna mashindano ya Ulaya ya vijana wenye umri hadi miaka 16 na hadi 18, ambako nchi hupeleka wachache sana kwa kila daraja. Halafu kuna mashindano ya dunia ya vijana, ya miaka 20 kushuka chini, yaliyoanza mwaka 1990 kule Älmhult, Sweden. Huko nchi hupeleka wavulana sita na wasichana sita. Sita kwa nchi nzima. Msichana wa miaka 16 niliyemwona kwenye ubao alikuwa amepita mchujo mkali kuliko wengi waliomzidi umri mara mbili, na mstari wake mfupi ulistahili kusomwa kwa sauti.

Juu ya hapo kuna mashindano ya dunia yenyewe. Tangu mwaka 2019 yamegawanywa: mwaka mmoja mbio za msituni, mwaka unaofuata mbio fupi za mjini. Na hata hapo nafasi hazilingani. Kwenye mbio za msituni nchi zenye nguvu huruhusiwa hadi watu watatu kwa kila mbio, za daraja la kati wawili, na nchi changa hupata mmoja. Matokeo yake yanashangaza: Msweden wa nne kwa ubora anaweza kuwa mmoja wa wakimbiaji kumi bora duniani na asionekane kabisa kwenye mashindano ya dunia, huku bingwa wa nchi yenye klabu tatu akipata nafasi moja kwa moja. Ukilinganisha mbao za klabu za nchi mbili, kumbuka hilo kabla hujatoa hukumu.

Kisha kuna mlango ambao hauna bawabu. Mashindano ya dunia ya wakongwe ni ya yeyote aliyefikisha miaka 35. Hakuna kamati ya uteuzi. Unajiandikisha, unalipa ada, unapanda ndege. Maelfu hufanya hivyo. Ukifika unakimbia mbio za mchujo, na mchujo huo ndio unaokupanga kwenye fainali ya juu au za chini. Mzee wa miaka 70 na ushei kwenye ubao wangu alikuwa wa huku.

Je, aliiwakilisha nchi? Hapa watu wa klabu hubishana hadi chai inapoa. Wapo wasemao hapana, kwa sababu hakuna aliyemteua. Wapo wasemao ndiyo, kwa sababu kwenye matokeo jina la nchi limeandikwa mbele ya jina lake. Mimi naona wote wanagombania kitu kisichohitaji ugomvi. Kuteuliwa ni jambo moja, kushinda ni jingine. Mzee aliyekwenda mwenyewe akaingia fainali ya juu na kumaliza wa tano katika rika lake duniani amefanya jambo zito kuliko aliyeteuliwa na nchi akamaliza wa mwisho. Andika kichwa cha habari cha pili kwenye ubao, weka wakongwe hapo, na uandike nafasi waliyomaliza. Heshima yao itaonekana vizuri zaidi kuliko ikifichwa chini ya neno lisilowaenea. Ila yule mkongwe aliyeteuliwa na England au Wales kwa mashindano ya nchi jirani, huyo ana jezi ya kuteuliwa, na mahali pake ni pale juu pamoja na wengine.

Milango mingine naipita haraka. Kuna orientiringi ya kuteleza thelujini na ya baiskeli, zote zikiwa na timu zake za taifa. Kuna ya majeshi na ya vyuo vikuu. Na kuna ile ya usahihi, ambako mshindani hakimbii bali anasimama kwenye njia na kuamua kibendera kipi kati ya vingi ndicho kilicho mahali ramani inapoonyesha. Hiyo ya usahihi naipenda kwa sababu mtu wa kiti cha magurudumu hushindana na yeyote kwa masharti sawa, na klabu nyingi huisahau kwenye mbao zao.

Pasipoti moja, klabu mbili

Mpaka hapa tumefungua fundo la nchi. Fundo la klabu ni gumu zaidi.

Nchi humdai mkimbiaji kwa uraia. Klabu humdai kwa kumbukumbu. Fikiria msichana aliyeanza na klabu ya mji mdogo akiwa na miaka tisa, akisindikizwa na baba yake kila Jumapili kwenye mvua. Akifika miaka 18 anakwenda chuo kikuu Sheffield au Edinburgh, miji miwili inayovuta wakimbiaji kama sumaku kwa sababu wenzao wapo na misitu na vilima viko karibu. Anajiunga na klabu ya huko. Miaka mitano baadaye anateuliwa timu ya Britania, na kwenye matokeo limeandikwa jina la klabu ya pili. Ubao upi una haki naye?

Sisi tunalijua swali hili kwa sura ya Mbwana Samatta. African Lyon wana neno la kusema juu yake, Simba wana lao, na TP Mazembe ya Lubumbashi ndiko alikokuwa alipotajwa mchezaji bora wa Afrika anayecheza ndani ya bara kwa mwaka 2015. Genk wakapata matunda yaliyofuata. Kila mmoja anasema "wetu", na hakuna anayedanganya. Lakini mwanasoka huwa na klabu moja kwa wakati mmoja. Mkimbiaji wa orientiringi wa ngazi ya juu anaweza kuwa na mbili kwa pamoja, moja nyumbani na moja Skandinavia.

Sababu ni mbio mbili za kupokezana. Tiomila ya Sweden ilianza mwaka 1945 na Jukola ya Finland mwaka 1949. Hizi ni mbio za klabu, na ndizo ambazo kijana wa Ulaya huota usiku. Jukola ina zamu saba, kwa kuwa jina lake limetoka kwa ndugu saba wa riwaya maarufu ya Kifini. Kipenga hulia saa tano za usiku mwezi Juni, na timu zaidi ya elfu moja huingia msituni kwa mpigo, taa zikiwaka vichwani kama mto wa moto unaopanda kilima. Klabu za huko huwakaribisha wageni. Ndiyo maana Thierry Gueorgiou, Mfaransa aliyekulia katika klabu ya Saint-Étienne, alikuwa nguzo ya Kalevan Rasti ya mji wa Joensuu, Finland. Simone Niggli-Luder, Mswisi mwenye dhahabu 23 za dunia, mwanamke aliyeshinda mbio zote nne mwaka 2003 nyumbani kwao Rapperswil na kuzishinda tena zote nne mwaka 2005 huko Japan, alikimbia na jezi ya klabu ya Ulricehamns OK ya Sweden.

Kwa hiyo klabu ya mji mdogo wa Sweden inaweza kuweka ukutani jina la bingwa wa dunia aliyeiwakilisha Uswisi. Ni haki yake? Naona ni haki, mradi iandike Uswisi. Na klabu ya kwanza ya yule msichana wetu iandike jina lake pia, na mwaka aliojiunga, kwa sababu mwaka huo ndio ukweli ambao klabu ya pili haina. Katika mashindano ya klabu ya ndani ya nchi sheria humtaka kila mtu achague klabu moja, na hilo ni sawa, pointi haziwezi kuhesabiwa mara mbili. Kumbukumbu inaweza.

Kile ambacho matokeo hayasemi

Tuje kwenye tuzo, na nitaanza na tuzo ambayo haikutolewa.

Mwaka 2008 mashindano ya dunia yalikuwa Olomouc, Jamhuri ya Czech. Zamu ya mwisho ya mbio za kupokezana za wanaume, Ufaransa ilikuwa mbele, na aliyekuwa na ramani mkononi ni Gueorgiou, mtu ambaye hakukosea. Nyuki akamwingia mdomoni, akamuuma kooni. Hakumaliza. Dhahabu ikaenda kwa Britania: Graham Gristwood, Jon Duncan na Jamie Stevenson. Ni dhahabu halali kabisa, kwa sababu mbio hizo hushindwa na anayefika, na hao watatu walikuwa wamejiweka mahali pa kuipokea.

Mwaka uliofuata, Miskolc, Hungary, zamu hiyohiyo ya mwisho. Gueorgiou yuko tena kwenye kundi linalopigania medali. Martin Johansson wa Sweden akachomwa na kijiti pajani, kikazama ndani ya nyama. Gueorgiou akasimama. Anders Nordberg wa Norway akasimama. Michal Smola wa Czech akasimama. Wakamhudumia mwenzao msituni wakati timu zilizokuwa nyuma zikiwapita. Uswisi ikachukua dhahabu. Ukitazama karatasi ya matokeo ya mwaka 2009 utaikuta Ufaransa mbali huko chini, kama timu iliyopotea njia. Karatasi haina safu ya kuandika kwamba mtu alikaa chini kushika jeraha la mpinzani wake. Medali ile ya kupokezana ilikuja mwaka 2011, nyumbani kwao Savoie, Gueorgiou akiwa tena wa mwisho, baada ya Philippe Adamski na François Gonon.

Kisa hiki ndicho kinachonifanya niamini kwamba tuzo za klabu zina kazi ambayo matokeo ya taifa hayaiwezi. Klabu huona yale ambayo saa haioni. Siku ya chakula cha mwaka hutoa vikombe vya ubingwa wa klabu, mara nyingi kwa hesabu inayompunguzia mtu dakika kulingana na umri wake, hivyo bibi anaweza kumshinda mwakilishi wa kimataifa kihalali. Hutoa ngao kwa aliyeendelea zaidi mwaka huo. Hutoa tuzo kwa aliyepanga njia nzuri za mashindano, na kwa mchora ramani. Hiyo ya mchora ramani ningeiweka juu kuliko zote. Kilomita moja ya mraba ya msitu mgumu humla mtu makumi ya saa akitembea na ubao wa kuchorea, jiwe kwa jiwe, mara nyingi katika baridi ya Januari wakati majani yameanguka na ardhi inaonekana. Bila yeye hakuna mashindano, na jina lake huwa limeandikwa kwa herufi ndogo pembeni.

Vikombe vyenyewe navyo ni makaburi ya watu waliopendwa. Mashindano makubwa ya Pasaka ya Uingereza, yanayojulikana kwa herufi mbili tu, JK, yamepewa jina la Jan Kjellström, kijana wa Kisweden aliyekuja kuwafundisha Waingereza mchezo huu. Baba yake alikuwa miongoni mwa ndugu walioanzisha kampuni ya dira ya Silva. Jan alifariki kwa ajali ya barabarani mwaka 1967, na mwaka huohuo mashindano ya kumkumbuka yakaanza. Hufungwa Jumatatu ya Pasaka kwa mbio za kupokezana za klabu. Wakimbiaji wa timu ya taifa, ambao wiki chache kabla walikuwa kambi moja, siku hiyo wanavaa jezi za klabu za miji yao na kukimbizana.

Lakini kama ungetaka kujua klabu ina nguvu kiasi gani, usitazame ubao wala JK. Tazama Kombe la CompassSport, mashindano ya klabu kwa klabu. Hapo klabu kubwa huhesabiwa pointi za watu wake 25 bora, na klabu ndogo, zinazoshindania kombe lao la pembeni, watu 13. Kila rika lina njia yake na pointi zake. Mshindi wa wasichana wadogo huleta pointi sawasawa na mshindi wa wanaume wazima. Mwakilishi wa kimataifa, hata akiwaacha wenzake dakika kumi, huleta pointi za mtu mmoja. Nafasi 24 nyingine lazima zijazwe na walimu, wahandisi, wastaafu na watoto. Klabu yenye bingwa wa dunia na isiyo na bibi hodari haifiki fainali.

Na pesa? Karibu hazipo. Orientiringi ilitambuliwa na Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki mwaka 1977, lakini haijaingizwa kwenye Michezo yenyewe. Jukwaa lake la pamoja na michezo mingine ni World Games, tangu mwaka 2001. Kijana akiteuliwa kwenda Ulaya, mara nyingi familia huchangia sehemu ya gharama, na klabu hupitisha mchango kwenye mkutano wa kamati. Ukiona klabu inaringia wawakilishi wake, huenda ndiyo iliyowanunulia tiketi.

Kwa hiyo ukikutana na ubao kama ule, uliza mambo manne kwa kila jina: jezi ya nchi gani, rika gani, aliteuliwa au alijiandikisha, na siku ile klabu yake ilikuwa ipi. Ukipata majibu, majina 30 yatajigawa yenyewe. Pengine 15 ni ya mashindano ya nchi jirani, saba ya vijana, sita ya wakongwe waliojilipia, na mawili ya watu waliosimama kwenye mstari wa kuanzia wa mashindano ya dunia wakiwa na jezi ya Britania. Mawili kutoka klabu ya watu 200 ni mengi.

Jina moja, popote lilipo, linasimama peke yake. Mwaka 1999 mashindano ya dunia yalifanyika Inverness, Uskoti, na Yvette Baker akashinda mbio za umbali mfupi, akawa Mbritania wa kwanza kuwa bingwa wa dunia. Leo jina lake liko kwenye kombe la klabu kwa ajili ya vijana. Njia zake zimepangwa kwa rangi, njano kwa wadogo, kijani kwa wakubwa, na pointi za timu hujumlishwa kutoka rangi zote. Kwenye mstari wa kumalizia utawakuta makocha wameshika karatasi na kalamu, wakitazama upande wa njia ya njano, wakimsubiri mtoto wa miaka tisa atokee kwenye miti.